Vidole Vinne Kutoka Puani

Tangu warudi kutoka Sydney, Narelle Vukas hakukaa wala hakutulia. Alifagia baraza asubuhi, akalifagia tena saa nne, na vumbi la Lightning Ridge, ambalo halijawahi kumwogopa mtu, likarudi kabla hajaegemeza ufagio. Aliteleka chai akaisahau mpaka birika likakauka. Aliingia chumbani kufuata kitu, akasimama katikati ya chumba bila kukumbuka alichofuata. Mumewe, Kelvin, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha turubai, mguu mbovu umelazwa juu ya ndoo. Alimtazama akipita, akamtazama akirudi.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Alhamisi ya wiki inayofuata Narelle alitakiwa kulala chali chini ya mashine ya leza ili macho yake yanyooshwe, na hakujua kama anataka au hataki. Bei ilikuwa dola elfu sita na mia nane kwa macho yote mawili. Kwa fedha hizo mtu wa Ridge ananunua gari bovu na mtu wa kulikarabati.

Narelle alikuwa na miaka arobaini na sita, na tangu darasa la pili alikuwa haoni mbali. Miwani yake ilikuwa nene kama kitako cha chupa ya bia, na kwa mbali bado iliacha ukungu kidogo. Akiivua, mtu aliyesimama hatua tatu mbele yake alikuwa rangi tu yenye sauti. Lakini karibu, karibu kabisa, vidole vinne kutoka puani, jicho lake tupu liliona vitu ambavyo mimi na wewe tungehitaji kioo cha kukuzia. Na jicho hilo ndilo lililoijaza sufuria ya nyumba yao kwa miaka ishirini na tatu.

Maana watu wa Ridge huchimba opali nyeusi, jiwe ambalo ukiligeuza rangi huwaka ndani yake, huzima, huhamia upande mwingine. Halitoki ardhini limevaa vizuri. Hutoka limefichwa ndani ya kibonge cha kijivu kisicho na sura, kama kiazi kilichosahaulika shambani. Mkataji hukimega kona kwa koleo, akachungulia, akaamua asage kutokea upande gani. Tabaka lenye rangi laweza kuwa jembamba kuliko ukucha, na ukisaga kwa pupa unaona maji ya mashine yanateremka kwenye beseni yakiwa yamebeba riziki yako. Wakataji wengine hufanya kazi hiyo na vioo vya kukuzia vimefungwa kichwani. Narelle alivua tu miwani yake, akakileta kibonge puani, akakisoma. Kwa miaka hiyo yote alikuwa ameharibu mawe mawili, na mara zote mbili alikuwa na homa.

Na alipovua miwani alikuwa na mtindo wake. Hakuiweka chini, kwa sababu wakati wa uchumba wao aliikalia miwili mfululizo. Alimnyoshea Kelvin bila kumtazama, na Kelvin akaipokea akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akakaa nayo mpaka mkono unyooshwe tena. Hawakusemezana kuhusu hilo, kama vile mtu asivyosemezana na mkewe kuhusu upande wa kitanda.

Basi mwezi wa Machi mtindo huo nusura uue mtu.

Walikuwa kwenye mgodi wao, kilomita kumi na mbili kutoka nyumbani. Kelvin alipanda kutoka shimoni kunywa chai, na ndani ya ndoo ya udongo aliyoipandisha kulikuwa na kibonge kimoja chenye ncha inayometameta. Narelle akakimega. Akanyosha miwani. Kelvin akaitia mfukoni, na mkewe akaingia ndani ya lile jiwe kwa namna yake, ambapo hata ukimwambia nyumba inaungua atakuitikia "ehe." Kelvin akakumbuka kwamba ameacha taa zinawaka chini na jenereta inakunywa mafuta bure. Akashuka kuzizima. Akashuka na miwani.

Narelle alisikia kishindo miguuni kabla ya kukisikia masikioni. Aliita, hakuitikiwa. Jirani yao, mzee Tauno, Mfini aliyechimba Ridge kabla hata maji ya bomba hayajafika, siku hiyo alikuwa mjini. Gari lilikuwepo, lakini Narelle bila miwani hawezi kuliona hata lango, sembuse barabara. Akashuka ngazi ya chuma, mita kumi na nane, vipago sitini na kimoja, akihesabu kwa nyayo. Chini palikuwa na weupe wa taa na weupe wa vumbi, na yeye hakuweza kuutenga huu na ule. Alitambaa. Alipapasa mawe, akapapasa waya, akapapasa jembe. Dakika nne, labda tano. Halafu vidole vyake vikagusa kitambaa, na chini ya kitambaa vikagusa fremu anayoijua kuliko uso wake mwenyewe.

Aliitoa mfukoni mwa mumewe, akaivaa. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka. Kwa kile kingine aliona bamba la mwamba juu ya paja la Kelvin, akaona na jeki la kuegemeza dari, akaliinua bamba kwa hilo jeki, akapanda kuita waokoaji.

Kelvin alizindukia kwenye ndege ya madaktari, hakumbuki kitu. Naye Narelle akasema uongo. Aliwaambia waokoaji, akamwambia Tauno, akamwambia na Kelvin mwenyewe kwamba alikuwa na miwani usoni tangu juu, na kioo kilipasuka alipojigonga kwenye ngazi. Kwani angemwambia nini mtu aliyelala na vyuma sita pajani? Kwamba umeniacha kipofu juu ya shimo lako?

Habari ya leza ililetwa na Jody Marrable, dereva wa basi la shule, ambaye alifanyiwa miaka minane iliyopita na tangu hapo anawahubiria watu kama aliyeokoka. Alisema siku ya pili yake aliamka akaona buibui darini, akalia. Narelle alisikiliza, akacheka, akaondoka. Lakini usiku huohuo alijiona tena anatambaa kwenye ule weupe, na asubuhi akamtajia Kelvin kwa mzaha tu, jinsi mtu anavyotaja safari ya mwezini. Kelvin hakucheka. Aliweka kikombe mezani, akauliza namba ya simu ya zahanati, na kuanzia siku hiyo akalishikilia jambo lile kwa ari ambayo mkewe hakuielewa. Mwanaume huyu alikuwa haendi kwa daktari wa meno mpaka shavu livimbe. Sasa alikuwa anamsomea mkewe karatasi za upasuaji wa macho mezani, kifungu kwa kifungu.

Wakaenda Sydney, safari ya saa tisa barabarani, Kelvin mguu umenyooshwa kiti cha nyuma. Daktari Perera alikuwa mama mfupi wa makamo, sauti ya chini, na mikono iliyonukia sabuni. Alimpima Narelle kwa mashine nne. Akamweleza ya kumweleza: kwamba konea yake, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, ni nene ya kutosha; kwamba wengi hutoka wakiwa wameridhika; kwamba wachache hubaki na macho yanayokauka miezi, na wengine miaka, na wengine huona taa za magari zimevaa duara usiku; kwamba mmoja mmoja hulazimika kurudiwa. Kisha akauliza swali ambalo lilikuwa kwenye fomu lakini Kelvin, aliyeijaza, alikuwa ameliruka.

"Unafanya kazi gani?"

"Nakata opali," Narelle akasema.

Daktari aliweka kalamu chini. Aliuliza anakata vipi, na Narelle akavua miwani akamwonyesha: akainua kifungo cha koti lake mwenyewe mpaka vidole vinne kutoka puani.

"Hapo sasa," daktari akasema. "Dada yangu, nisikufiche. Ungekuwa na miaka ishirini na tano nisingekuwa na neno. Kwa umri wako, jicho nikilipa mbali nalinyang'anya karibu. Utanunua miwani ya kusomea kama wenzako wote. Na hivyo vidole vinne vyako, hivyo ndiyo basi."

"Haviwezi kurudi?"

"Nikishanyoosha sipindi tena. Naweza kuliacha jicho moja nusu njia, likusaidie kusoma. Lakini hapo ulipoweka hicho kifungo, hapafikii."

Narelle akafungua mdomo. Kelvin akamtangulia. "Tupangie tarehe, daktari. Alhamisi ya wiki ijayo mna nafasi?"

Daktari alimtazama mume, akamtazama mke. Tarehe aliitoa, dola mia tano za kushika nafasi zikapokelewa mapokezi, lakini kabla hawajaondoka alimtia Narelle mkononi viboksi viwili vya lenzi laini, zile za kuvaliwa ndani ya jicho. Azivae siku sita, alisema, kwa sababu zitamwonyesha dunia kama atakavyoiona baada ya leza. Asipoipenda apige simu. "Upasuaji huu ndio unaonilisha," akamaliza, "na bado nakwambia ukajaribu kwanza."

Ndiyo hizo siku sita nilizoanza nazo, za kufagia mara mbili na birika kukauka.

Siku ya kwanza, nisiseme uongo, ilikuwa sikukuu. Narelle alisimama uani bila kitu puani wala masikioni, upepo wa Agosti ukimpiga usoni kote, akaona kasuku wenye rangi ya waridi juu ya waya wa umeme, mmoja mmoja, akaweza kuwahesabu. Aliona majani ya mti wa jirani kuwa ni majani. Alicheka peke yake. Aliendesha gari mpaka posta na kurudi bila sababu, ili tu asome vibao, na alipomwona Jody mbele ya basi lake alimpungia mkono kutoka mbali kabla Jody hajampungia yeye, jambo ambalo halijatokea tangu wafahamiane.

Lakini macho hayana pazia, na ukipewa ya kuona mbali utaona na usichotumwa. Siku ya pili, akiwa kwenye kamba ya nguo, alimwona Kelvin barazani, hatua arobaini kutoka kwake. Miaka yote Kelvin wa hatua arobaini alikuwa kofia na miguu tu, maana akianika nguo Narelle hakujisumbua kuivaa miwani. Sasa alimwona mzima. Alikuwa amezeeka. Shingo ilikuwa imepungua ndani ya kola. Naye alikuwa anamtazama mkewe kwa uso ambao Narelle hakuwahi kuuona ukiwa karibu, uso wa mtu aliyekaa nje ya mlango wa hakimu. Alipogundua kwamba anaonekana, aligeuka akajifanya anakaza bizimu ya kiatu. Narelle alianika shati moja mara tatu.

Kwa upande wa karibu, mambo yalikuwa ya aibu. Hakuweza kusoma maandishi ya kopo la samaki. Alitia chumvi ya pili kwenye mchuzi kwa kudhani ni ya kwanza. Alikwenda duka la dawa akanunua miwani ya kusomea ya dola kumi na mbili, na Jody, aliyekuwa foleni moja naye akinunua matone ya macho, akamcheka mpaka akashika kaunta.

"Karibu uzeeni, shoga yangu. Mimi zamu yangu bado."

"Na hayo matone ni ya nani?"

"Ya kwangu. Yakikauka nayatonesha. Mara nane kwa siku, mara kumi kukiwa na upepo." Akainua mabega. "Si bei kubwa. Mimi naendesha watoto wa watu, Nari, natazama barabara. Sijawahi kuweka kitu puani kwangu isipokuwa leso."

Neno hilo halikuwa baya, lakini Narelle alirudi nalo nyumbani kama kokoto kiatuni.

Mzee Tauno naye hakuombwa ushauri, akautoa. Alikuja na keki ya iliki aliyoioka mwenyewe, akakaa, akamtazama Narelle asiye na miwani kwa kitambo kirefu, akasema anafanana na nyumba iliyong'olewa madirisha. Kisha akamgeukia Kelvin. "Mimi ningeuza figo kabla sijauza jicho lile. Figo unazo mbili."

"Macho pia anayo mawili," Kelvin akajibu kwa ukali, na Tauno, ambaye hakuzoea ukali wa Kelvin, akarudi kwenye keki yake.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Kelvin aliingia kwenye kibanda cha kukatia mawe akichechemea, mkononi kashika chupa ya jemu iliyojaa maji. Ndani ya maji kulikuwa na kibonge kimoja. Narelle alikitambua kabla hakijawekwa mezani, maana kona yake aliimega mwenyewe. Ni kile cha Machi. Hakuna aliyekigusa tangu siku ile. Kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya maji kisipasuke, juu ya kabati, nyuma ya unga.

"Likate hili," Kelvin akasema. "Likitoka zuri ndilo litalipia. Mnunuzi yupo hotelini mpaka Jumatano."

"Kwa macho haya?"

"Si ndiyo macho utakayokuwa nayo? Bora uyazoee."

Narelle akakaa. Akavaa miwani ya kusomea juu ya lenzi, akafunga kioo cha kukuzia juu ya miwani, akawasha mashine. Maji yakaanza kudondoka juu ya gurudumu. Aliona jiwe, siwezi kusema hakuliona. Aliliona kubwa, safi, lenye mistari ya buluu na kijani. Lakini alikuwa analiona kwa mbali, kama mtu anayetazama harusi ya nduguye kupitia dirishani. Hakujua rangi inatokea wapi na inakwenda wapi. Aligusisha gurudumuni, akatazama. Akagusisha tena, akatazama. Mara ya tatu kijani kilikuwa kimefifia, na hakuweza kusema kama kimefifia kwa sababu ya maji au kwa sababu amekila. Akazima mashine.

Tone moja moja likaendelea kuanguka kwenye beseni.

Na hapo, kwa mazoea ya miaka ishirini na tatu, bila kufikiri, Narelle akavua kile kioo na ile miwani ya dukani, akavitupa mezani, na mkono wake ukapanda tena masikioni kuvua miwani yake. Haikuwepo. Vidole vikashika nywele. Akageuza kichwa, na akaona kwamba mkono wa Kelvin umekwisha kunyoshwa. Ulikuwa umeelea hewani kati yao, kiganja juu, kikisubiri.

Walitazamana. Kelvin aliurudisha mkono taratibu, akauficha kwapani kama kitu cha wizi.

"Nilishuka nayo," akasema.

Narelle alisogeza jiwe mbali na gurudumu.

"Siku ile. Ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikumbuka mwezi wa Mei, nilipokuwa navaa lile shati. Niliingiza mkono mfukoni nikakuta kipande cha kioo. Ukasema ulikuwa nayo usoni. Ukawaambia watu wote. Nari, ulishuka ngazi ile kipofu kwa sababu yangu, na nikamwacha mke wangu adanganye kwa ajili yangu miezi mitatu mizima."

"Nilijua huwezi kukumbuka."

"Nimekumbuka. Kila siku nakumbuka. Ndiyo nikasema bora ufanyiwe hiyo leza, usiwe na haja ya miwani tena, wala ya mtu wa kukushikia."

Kwa hiyo ndiyo hiyo. Ari yote ile, karatasi zote zile, tarehe iliyopangwa kabla hajafungua mdomo. Alikuwa hampi mkewe macho, alikuwa anajivua kazi ambayo hakujiona tena anaistahili. Narelle alihisi hasira ikimpanda mpaka kwenye masikio, hasira ya kweli, kwamba mwanaume mzima ameketi na jambo hili kwenye kiti cha turubai na kumwacha yeye azunguke na ufagio. Halafu akakumbuka kwamba na yeye alikuwa nalo muda huohuo, amelifagia barazani mara mbili kwa siku.

"Unajua nilikupataje mle ndani?" akauliza. "Ulikuwa umezimia. Huna sauti. Nilikuwa sioni hata mkono wangu. Nilipapasa mpaka nikaigusa miwani. Ndiyo nikajua hapa ni kifuani kwako, hapa ndipo ulipo. Ungeiacha juu, Kelvin, ningekupita."

Kelvin alifunika uso kwa kofia yake, akalia kwa sauti, jinsi alivyokuwa hajalia hata walipomtia vyuma pajani.

Narelle alimwacha alie. Kisha akainama juu ya beseni la maji safi, akabana jicho la kulia, akaitoa lenzi. Akabana la kushoto, akaitoa. Dunia ikarudi kuwa ukungu wake wa siku zote, na Kelvin akawa tena kofia na miguu. Akazinyosha lenzi kwenye ncha za vidole, kuelekea kule sauti ya kilio ilikokuwa.

"Shika."

"Hizi? Narelle, hizi ni kama maji. Zitaniponyoka."

"Shika nakwambia."

Akazipokea, moja kwenye kila kiganja. Akabaki amesimama wima kwa mguu mmoja na nusu, hapumui vizuri, machozi yakimteremka na hana mkono wa kuyafutia. Naye mkewe akachukua lile jiwe, akalileta vidole vinne kutoka puani, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango.

Alikaa hivyo muda mrefu. Aliona alipokuwa amefika: unene wa unywele mmoja zaidi na angeipasua rangi akatokea upande wa pili. Aliona pia kwamba rangi haikulala kama alivyodhani. Ilikuwa imejikunja, inatelemka chini ya kijivu, na uso wa jiwe, uso wenyewe, ulikuwa mgongoni. Nyekundu ilikuwa huko, imekaa kimya.

"Geuza," alijiambia, na akawasha mashine.

Jumatatu Narelle ndiye aliyepiga simu zahanati, kwa mdomo wake. Alimwambia Daktari Perera kwamba ameijaribu dunia yake na ni nzuri, hasa kasuku, lakini kazi yake iko hapa karibu. Daktari hakushangaa. Alimkumbusha kwamba huko mbele, umri wa mtoto wa jicho utakapofika, lenzi ya ndani itabadilishwa vyovyote vile, na hapo watazungumza tena. Nusu ya zile dola mia tano haikurudi. Narelle alisema hiyo ni nauli ya kuwaona kasuku.

Lakini msidhani moyo ulitulia siku hiyohiyo. Alimuuliza Kelvin usiku ule, mezani, nyama ya kondoo ikipoa, kama wanajua wanachokifanya. Mwamba haujaapa kwamba hautaanguka tena. Kelvin alisema na yeye hajaapa kwamba hatasahau tena. Kesho yake akatoa miwani ya akiba, vipimo vilevile, akaifungia ndani ya kopo la biskuti, na kopo akalifunga kwa waya kwenye mguu wa winchi, juu ya mdomo wa shimo. Narelle alilitazama lile kopo akaona ni dogo. Alilitazama tena siku iliyofuata, bado lilikuwa dogo.

Ikafika Alhamisi, siku ambayo angekuwa chali Sydney. Badala yake walikuwa mgodini, wanapekua lundo la udongo wa zamani, kazi ambayo mguu wa Kelvin uliiweza. Karibu na saa tano Narelle aliokota kibonge, akakimega kona. Alivua miwani. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: alisita, miwani ikiwa mkononi, akageuza uso upande wa kopo la biskuti, halafu upande wa mumewe.

Kelvin naye alisita. "Iweke kwenye kopo," akasema kwa sauti ndogo. "Ni salama zaidi."

Narelle akamnyoshea, na safari hii alimtazama, ingawa hapakuwa na cha kuona isipokuwa kofia. "Shika."

Akaipokea. Hakuitia mfukoni. Aliishika kwa mikono miwili juu ya mapaja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua mbili kutoka kwake, akatulia tuli. Jua lilipanda. Nzi walimtambaa puani akawapuliza kwa mdomo. Chai ilikuwa ndani ya gari na hakuifuata.

Kutoka mgodi wa pili, mzee Tauno akaita. Ndoo yake ilikuwa imekwama nusu ya shimo, na alihitaji mtu wa kumshikia kamba, dakika moja tu. Akaita mara ya pili. Mara ya tatu akaita kwa matusi ya Kifini.

"Subiri," Kelvin akampazia sauti, bila kunyanyuka. "Nimeshika macho ya mtu."